Taa ya Mlango wa Mbao

3 Februari

Mdogo wangu Fyuzi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Mara ya mwisho nilikuandikia kukupa habari za kifo cha shemeji yako, na najua tangu siku ile bahasha yangu yoyote inakutia kiwewe. Safari hii shida ni ya waya, kwa hiyo nimeileta kwa mwenyewe.

Masikio yamekwisha. La kulia lilikufa zamani, unalikumbuka, ndilo ulilokuwa ukilisogelea unapotaka kunitukana. Mwaka huu la kushoto nalo limemfuata mwenzake. Simu ya dukani hainifai tena. Cherehani naisikia kwa nyayo tu, kwa ule mtetemo wake, na nguo zinatoka zimenyooka kama kawaida. Ila mtu akiingia mlangoni sijui mpaka nimwone.

Na mimi nakaa nimeupa mlango mgongo, maana dirisha lenye mwanga liko upande wa pili. Juzi kaingia mteja. Mwenyewe alinieleza baadaye, kwa mikono, kwamba alibisha, akaita, akakohoa, akagonga meza. Mwisho akanishika bega. Nilipiga ukelele ambao sikuusikia, sindano ikanipitia kwenye ukucha. Mteja katimua mbio, na gauni lake mpaka leo liko hapa halina pindo.

Habari zimemfikia mpwa wako. Unamjua, unesi umemwingia mpaka kwenye usemi: haombi, anakuandikia dawa. Anasema leo ni mteja, kesho je? Mwisho wa Machi anakuja. Akiingia na mimi nisijue kuwa kaingia, anafunga mizigo yangu siku hiyohiyo, nikakae naye kwenye kile chumba cha nyuma ya jiko lake. Chumba hicho kinaingia kitanda, cherehani haiingii. Fyuzi, nikiwa sisikii na tena sishoni, nitakuwa nani? Nitakaa kitandani natazama ukuta. Sitaki. Nakuambia wewe kwa sababu yeye sijamwambia: naogopa kweli.

Sasa sikiliza. Gari la shemeji yako bado liko uani, juu ya matofali. Enzi zake alikuwa akirudi, anasimamisha pale, anafungua mlango na taa ya ndani inawaka. Mimi dirishani naiona ile taa, nabandika chai. Hakuwahi kunipigia honi. Je, nyumba haiwezi kufanya kama gari? Mlango ufunguke, taa iwake mbele yangu kwenye cherehani. Wewe ndiye uliyelipitishia nyaya gari lile toka mbele mpaka nyuma, na ulituringia wiki nzima.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Sindano
(jina ulilonipa mwenyewe, nami nikalizoea)


14 Februari

Dada Sindano,

Shikamoo. Nilianza barua hii kwa herufi kubwakubwa, ndipo nikakumbuka kwamba ugonjwa ni wa masikio, macho hayajambo. Nimechana nikaanza upya.

Pole sana. Nimesoma pale kwenye chumba cha nyuma ya jiko nikajisikia vibaya. Huendi kokote. Mwambie nesi wako kuwa mjomba wake ni fundi umeme wa magari, na huo mlango utawaka kama wa gari la waziri.

Nenda kwenye gari, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo utaona kitufe kinachochomoza. Mlango ukifungwa unakibana ndani, ukifunguliwa kinatoka chenyewe, na hapo ndipo taa inapowaka. Kifungue kwa bisibisi. Nyuma yake kuna waya mmoja tu, ukate lakini uuache mrefu. Kisha kikaze kwenye fremu ya mlango wako, mahali mlango unapokibana.

Lakini kitufe hicho kimezeeka, ukikibebesha taa ya kila siku kitaungua. Ndiyo maana nimekutengenezea hicho kibao kilicho ndani ya kopo nililolituma pamoja na barua hii. Kazi ya kitufe iwe kunong'ona tu, transista, yaani swichi ndogo isiyoguswa kwa mkono, ndiyo ibebe mzigo. Sasa transista ina ukaidi wake: inageuza maneno. Kitufe kikiiambia washa, yenyewe inazima, kikiiambia zima, inawasha. Dawa ni kuziweka mbili. Ya kwanza inageuza, ya pili inaigeuza ya kwanza, mambo yanakaa sawa. Utaziona, vidude viwili vyeusi, kila kimoja miguu mitatu.

Waya mwekundu na mweusi zinakwenda kwenye kisanduku cha umeme nilichofunga pamoja. Wa njano unakwenda kwenye kitufe. Taa nimekwisha kuiunga, ni ile ndogo ya ndani ya gari. Wewe itundike juu ya cherehani. Usiogope, umeme wa hapo hauwezi kumuua hata nzi.

Ningekuja mwenyewe lakini kazi zimebana mno. Magari yanapanga foleni hadi barabarani. Leo asubuhi limeingia jeusi la mkurugenzi, linang'aa, tairi zimeoshwa. Likafuata la kijani la mizigo, dereva wake ana utani huyo! Jioni likatoka jeusi, mkurugenzi kanipungia mkono. Ndiyo maisha yangu, hakuna kupumua.

Mdogo wako,
Fyuzi


25 Februari

Fyuzi,

Marahaba. Kopo limefika salama, na harufu ya gereji yako imejaa chumba kizima. Nimeliacha wazi hapa mezani kusudi isiishe haraka.

Kitufe nimekitoa. Kabla ya kukitoa ilibidi nijadiliane na kuku wa jirani, ambaye amelifanya gari la shemeji yako kuwa nyumba yake ya uzazi. Kalalia kiti cha nyuma, ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Niliingia nikakaa mbele, kiti cha abiria, kiti changu. Nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Usukani bado una ule uzi mwekundu niliomfungia pale ngozi ilipochanika.

Nimekikaza kwenye fremu kwa skrubu, mlango unakibana vizuri. Kibao nimekipigilia chini ya meza. Kile kidude cha miguu mitatu kinanitazama kama mdudu aliyekosa njia. Njano kwenye kitufe, nyekundu na nyeusi kwenye kisanduku. Nimezungushia utepe kila mahali, na nilishona kamba ya kuzishika nyaya ukutani, utafikiri pindo la pazia.

Lakini taa haijali mlango. Nikifungua, nikifunga, hali ni ileile. Nimefungua na kufunga mpaka jirani kaja kunitazama, anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mwezi unakwisha, Fyuzi. Nesi yuko njiani na mimi nina kitufe cha urembo mlangoni.

Nimekosea wapi?

Dada yako,
Sindano


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa hapa kanisogelea akidhani nalia. Hukukosea wewe, nimekosea mimi. Mlango wako ni wa mbao!

Nikueleze. Gari zima ni chuma, na chuma chote kimeshikana na upande wa hasi wa betri. Kitufe ukikikaza tu kwa skrubu kwenye bodi, tayari kimepata mwenzake, hakihitaji kuvutiwa waya mwingine. Maisha yangu yote sijawahi kukiwekea waya wa pili, kwa sababu gari lenyewe ndilo waya wa pili. Sasa mimi nimekupeleka na akili hiyohiyo mpaka kwenye nyumba. Kitufe chako kimekaa juu ya ubao peke yake, hakijashikana na chochote. Kikinong'ona, hakuna anayesikia. Ndiyo maana taa haikuwaka.

Chukua waya mwingine, ufunge kwenye ile skrubu inayokikaza kitufe, uupeleke mpaka kwenye ule mweusi wa kibao. Basi. Kazi kwisha.

Fundi mwenzangu yeyote akisikia hili nitataniwa mpaka kaburini, kwa hiyo usimsimulie mtu. Gari na mbao! Huku kwetu mvua imenyesha. Magari yanaingia na matope, yanatoka na matope. Lile jeusi limekwaruzwa ubavuni, upande wa kushoto, kwa hakika mkurugenzi hakulala usiku huo. Dereva wa la kijani amehamishwa, siku hizi linaendeshwa na kijana asiyesalimia.

Niambie ikiwaka.

Fyuzi


15 Machi

Mdogo wangu,

Waya wa pili nimeuweka. Nilitumia ule uliobaki kwenye mlango wa gari, nikaona ni vizuri kitufe kikae na ndugu yake.

Inafanya kazi. Mlango ukifunguliwa, najua papo hapo, hata kama nimeinama natunga uzi. Jirani nimemfanyisha majaribio. Kila akiingia namwambia karibu bila kugeuka, naye kila mara anacheka akiushika mdomo. Anadhani ni uchawi. Nimemwacha adhani hivyo, heshima imeongezeka mtaani.

Ahsante, Fyuzi. Najua sikukuambia neno hili vya kutosha ulipokuwa unalala hapa kwetu, wewe na shemeji yako mkichezea nyaya uani hadi chakula kinapoa. Nilikuwa nagomba. Siku hizi chakula kinapoa chenyewe.

Njoo uione kazi yako. Njoo kabla nesi hajaja, au njoo siku hiyohiyo ukae upande wangu. Chumba chako cha zamani nina vitambaa vyangu humo, lakini vitambaa vinahamishika.

Dada yako,
Sindano


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Moyo wangu umetulia. Nilijua itafanya kazi, mikono hii haijasahau kitu.

Kuja siwezi. Nielewe. Hapa bila mimi haliingii gari wala halitoki. Bosi mpya ni mtu wa saa, ukichelewa dakika tano anakutazama mkononi kana kwamba umemwibia. Na magari ya siku hizi ni kompyuta tupu, vijana wanakuja na mashine zao za kuchomeka, zinawaambia ugonjwa. Lakini bado wananihitaji. Kila asubuhi mimi ndiye wa kwanza kufika, na jioni mimi ndiye wa mwisho kuondoka.

Chumba nilichopanga ni kizuri, kina dirisha. Jirani zangu ni watu wa kujifungia. Mwezi mzima unaweza kupita, ukikohoa ndipo wanajua kuna mtu. Lakini ni pazuri.

Mpe nesi salamu. Mwambie ajaribu mlango mpaka achoke.

Fyuzi


7 Aprili

Fyuzi,

Mpwa wako alikuja, na nimeshinda.

Alikuja kama mwizi. Viatu kaviacha nje ya geti, mkoba kauficha kwa jirani, kausukuma mlango taratibu kabisa. Mimi naendelea na kushona. Nikasema bila kugeuka, "Karibu mwanangu, funga mlango, vumbi linaingia." Nilipogeuka nilimkuta kasimama mdomo wazi, soksi zimejaa mchanga. Akatoka, akaingia. Akatoka tena, akazunguka, akangoja, akaingia. Kila mara namkaribisha. Mwisho akakaa chini akalia, na mimi nikalia, maana nilipoyaona machozi yake niliona kwamba hata yeye alikuwa anaogopa.

Akaniuliza kwa kuandika kwenye karatasi kwa nini taa ya kushonea inawaka mchana kweupe. Nikamjibu kwamba macho yangu nayo si ya ujana. Hakuuliza zaidi. Tulikula, akanipima presha, akanikunjia nguo ambazo hazikuhitaji kukunjwa, na jioni akapanda basi. Kaandika kwenye karatasi ileile: Mama, nimekubali, kaa kwako.

Alipofunga mlango nilikaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimejiandaa kushindwa, Fyuzi. Sikuwa nimejiandaa kushinda. Nimepigania nyumba hii kama simba jike, na sasa ninayo, yote, kila chumba. Wateja wenyewe wako wapi? Watu siku hizi wananunua nguo zilizokwisha kushonwa. Lile gauni lisilo na pindo nimelipinda, mwenyewe hajarudi. Wale wanaoniamkia njiani wameanza kufupisha. Zamani mtu alikuwa anasimama, anasimulia. Sasa anainua mkono, anapita, kwa sababu kuongea na mimi ni kazi. Siwalaumu, hata mimi ningechoka.

Sasa nikuulize jambo, na usilipuke, maana jina lako nalijua. Siku hizi unakaa getini?

Kama ndivyo, basi hapa kuna chumba chenye mlango, na gari uani linalohitaji fundi.

Dada yako,
Sindano


2 Mei

Dada,

Nani kakwambia? Kama ni yule dereva wa basi anayejifanya kunijua, mwambie aendeshe basi lake. Mimi ni fundi. Nilizaliwa fundi. Sihitaji kuonewa huruma na mtu, hata wewe.

Shikamoo.

Fyuzi


12 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, hata hiyo iliyotupwa mwishoni.

Hakuna aliyeniambia. Barua zako ndizo zilizoniambia, na sikuzitafuta kosa, nilikuwa nazisoma tu kila jioni kwa sababu sina kingine cha kusoma. Zamani ungeniandikia kwamba gari jeusi la mkurugenzi lina waya uliochubuka chini ya zulia, umehangaika nao siku nzima, umeupata kwa kunusa. Uliyaandika mambo hayo mpaka shemeji yako anasoma kwa sauti na mimi nasinzia. Siku hizi unaniandikia rangi. Unaniambia jeusi limeingia, kijani limetoka, nani kapunga mkono, nani hakusalimia. Huyo ni mtu anayeyatazama magari kwa nje, Fyuzi. Na anayeyatazama kwa nje kutwa, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, ni yule anayeshika kufuli.

Mimi ni fundi nguo. Nguo ikija nimeipa kisogo bado najua nani kaishona. Wewe nimekulea mgongoni, nitashindwaje kukujua?

Sikuonei huruma. Kufungua geti ni kazi, na mtu anayeifanya kwa uangalifu huo wako anastahili kusalimiwa na kila dereva. Kilichonichoma ni kwamba umekaa hapo peke yako na aibu yako, kwenye chumba chenye dirisha, unakohoa ndipo watu wajue upo. Na mimi niko hapa. Sisi ni watoto wawili tu tuliobaki, kila mmoja amekaa kwenye nyumba yake anamdanganya mwenzake kwamba yuko na shughuli nyingi.

Maana na mimi nimekudanganya. Niliandika kwamba najua mlango ukifunguliwa. Ni kweli najua. Sikukuambia kwamba haufunguliwi. Tangu mpwa wako aondoke, jirani kasafiri kwa mwanawe, na hapa hakuna anayeingia. Mara nyingine nainuka kwenye cherehani, naenda kuufungua mlango mimi mwenyewe, nageuka kuitazama taa, kisha naufunga, narudi kukaa. Mtu akiniona atasema yamenipata. Lakini hakuna wa kuniona.

Sitakuandikia tena habari ya kuja. Nimesema nilichotaka. Vitambaa nimevihamisha.

Dada yako,
Sindano


30 Mei

(Haya yaliandikwa mezani, upande wa nyuma wa karatasi ya kukatia nguo, wakipokezana kalamu moja.)

Dada, shikamoo. Mbona unalia, si umesema nije?
— Fyuzi

Marahaba. Sikusema uje, nilisema vitambaa vimehama. Umekonda. Na hilo begi si la mtu wa siku mbili.
— Sindano

Zipu ndiyo inalifanya lionekane kubwa. Ndani mna bisibisi zangu na mashati tu. Kufuli nimewarudishia. Tutaongea. Kwanza niambie, taa ina nini? Nilifungua mlango nikaona inazima. Ilikuwa inawaka, nikaingia, ikazima. Mlango bado uko wazi na bado imezima. Inafanya kinyume!
— Fyuzi

Inafanya hivyo tangu siku ya kwanza.
— Sindano

Haiwezekani. Niliweka mbili.
— Fyuzi

Uliandika mbili. Kwenye kibao mna moja. Chungulia chini ya meza.
— Sindano

Nimeona. Dada, nimeona. Aibu gani hii. Moja! Kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kwa hiyo ulipoandika kwamba hali ni ileile, ilikuwa inawaka muda wote? Na mpwa wangu alipokuja? Mbona hukuniambia? Ni kazi ya kitambo kidogo, ningekutumia nyingine.
— Fyuzi

Ulikuwa umeniandikia kwamba mikono yako haijasahau kitu. Ningekujibu nini? Na hata hivyo najua mtu kaingia. Taa ikizima kwenye sindano, naona. Hivyo ndivyo nilivyomjua nesi, na hivyo ndivyo nilivyokujua wewe sasa hivi.
— Sindano

Leta bisibisi yangu ya njano, iko mfuko wa mbele. Nina transista begini, narekebisha leo hii.
— Fyuzi

Usiiguse.

Fyuzi, nimekaa na taa hii siku zote hizi. Mlango umefungwa, inawaka. Naamka, inawaka. Nakula, inawaka. Nilianza kwa kuichukia, kwamba kila ikiwaka inanikumbusha kuwa hakuna aliyekuja. Baadaye niliizoea, nikaona angalau kuna kitu ndani ya nyumba kinachokesha na mimi. Ukiirekebisha, itakuwa ya giza mpaka mtu aje, na mimi nitaishia kuingoja. Iache hivyohivyo. Kosa lako ndilo lililokaa na mimi.
— Sindano

Basi siigusi. Lakini gari nitaligusa. Kuku ahame.
— Fyuzi

Kuku mtaelewana wenyewe. Chai inachemka, nahisi mfuniko unatikisa meza. Kabla hujakaa, nenda kaufunge mlango. Taa hiyo kila inapowaka niko peke yangu. Nataka nione inavyowaka na wewe ukiwa ndani.
— Sindano